Nani Anayeimba Marekani? Toni, Muundo na Tamathali katika Tungo Nne

Katika uhakiki wetu wa ushairi imekuwa ada kuichukulia toni kama kivuli cha maudhui. Shairi likizungumzia dhuluma, tunaambiwa kwamba toni yake ni ya uchungu au ya hasira. Likiisifu nchi, toni ni ya furaha au ya kizalendo. Baada ya hapo mhakiki huiendea orodha ya tamathali za usemi na kuzitaja moja baada ya nyingine, mithili ya mtu anayehesabu mali ya marehemu, kisha hutaja idadi ya beti na mishororo na kufunga kazi yake. Kasoro ya utaratibu huu si kwamba unasema uongo. Ni kwamba unavitenga vitu ambavyo katika utungo wenyewe havitengani, na kwa hivyo hauwezi kueleza ni kwa nini mashairi mawili yenye malalamiko yale yale humwacha msomaji katika hali mbili tofauti kabisa.

Makala haya yanakusudia kulichunguza suala hilo kwa kulinganisha tungo nne za Kimarekani: "I Hear America Singing" wa Walt Whitman, "The New Colossus" wa Emma Lazarus, "America" wa Claude McKay na "I, Too" wa Langston Hughes. Tumezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, zote zinashughulikia jambo moja, yaani maana ya kuwa mtu wa Marekani, au ya kukataliwa kuwa mtu wa Marekani ilhali u ndani yake. Kwa hivyo tofauti za toni haziwezi kuelezwa kwa tofauti ya mada peke yake. Pili, mbili kati yake zimefungwa na kanuni za soneti, na mbili hazifuati vina wala mizani maalumu. Na, kama tutakavyoona, hazikugawanyika jinsi ambavyo mtu aliyelelewa katika mabishano ya ushairi wa Kiswahili angetarajia.

Mabishano hayo yanajulikana. Tangu Amri Abeid alipochapisha kanuni zake za utunzi mwaka wa 1954, na hasa baada ya Kezilahabi kutoa diwani ya Kichomi mwaka wa 1974, wanamapokeo na wanausasa wamevutana kuhusu vina na mizani. Upande mmoja ulidai kwamba utungo usio na arudhi si shairi. Upande wa pili ulidai kwamba arudhi ni pingu, na kwamba mshairi mwenye fikra za kimapinduzi hana budi kuzikata. Dai hili la pili ndilo linalotuhusu hapa, kwa maana ndani yake mna dhana iliyofichika kuwa umbo la kale huzaa toni ya kihafidhina na umbo huru huzaa toni ya uasi. Ushahidi wa Marekani hauiungi mkono dhana hiyo.

Utungo wa Whitman ulitokea mara ya kwanza katika toleo la tatu la Leaves of Grass, mwaka wa 1860, ukiwa mmojawapo wa mfululizo wa tungo zilizotambulishwa kwa nambari. Anwani tunayoijua leo aliupa mwaka wa 1867. Una mishororo 11, mirefu, isiyo na vina. Mfanyakazi mmoja hutajwa, kisha mwingine, kisha mwingine: mafundi wa mitambo, seremala, mwashi, mwanamashua, mshona viatu, mtengeneza kofia, mkata miti, kijana alimaye kwa plau, halafu mama, mke kijana na msichana anayeshona au kufua. Usiku unapoingia, vijana wa kiume hukusanyika na kuimba kwa pamoja. Kitenzi cha kuimba kinarudiwa tangu mwanzo hadi mwisho, na takriri hiyo ndiyo inayoshika nafasi ya vina.

Toni ya furaha inayosifiwa sana katika utungo huu haitokani na maneno ya furaha pekee. Inatokana na sarufi. Orodha ya Whitman haina kiunganishi cha sababu wala cha ukinzani: hamna "kwa sababu", hamna "ingawa", hamna "lakini". Seremala hawekwi juu ya mshona viatu, wala mwashi chini ya mwanamashua. Wanasimama bega kwa bega kwa sababu vishazi vyao vinasimama bega kwa bega. Usawa ambao mshairi anautaka katika taifa ameupanga kwanza katika sentensi. Tamathali nazo ni chache ajabu. Kuna moja kubwa inayobeba utungo mzima, nayo ni sitiari ya kazi kuwa wimbo, ikiambatana na tashihisi ya nchi kuwa kinywa. Mshairi hahitaji nyingine. Hana jambo la kuficha wala la kulizunguka, au angalau ndivyo anavyotaka tuamini.

Mwaka wa 1860 watumwa nchini Marekani walikaribia milioni 4. Hakuna hata mmoja wao katika orodha. Wahakiki wengine wameliona hili kuwa ni sahau au ni ubaguzi wa kawaida wa zama zile, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwani Whitman huyo huyo, katika "Song of Myself" wa mwaka wa 1855, anamwonyesha msemaji akimhifadhi mtumwa mtoro nyumbani mwake. Tunavyoona sisi, sababu imo katika muundo wa utungo wenyewe. Karibu na mwisho mshairi anatoa kanuni ya orodha yake: kila mmoja anaimba kilicho mali yake mwenyewe na si ya mwingine yeyote. Mtumwa hawezi kuingia chini ya kanuni hiyo. Kazi yake si mali yake, na kwa sheria za majimbo yaliyomshikilia, nafsi yake pia si mali yake. Kumtaja kungeihitaji ile "lakini" ambayo sentensi nzima imejengwa kwa kuiepuka, na furaha ya toni ingevunjika katikati. Kwa hiyo umbo huru, ambalo mwanausasa wetu angelipokea kwa shangwe, hapa limefanya kazi ya kuziba pengo. Ni vyema kuyakumbuka haya kabla ya kusema kwamba kuvunja arudhi ni kuvunja minyororo.

Kuhusu Lazarus tutasema machache. Soneti yake aliitunga mwaka wa 1883 ili kusaidia harambee ya kujenga msingi wa Sanamu ya Uhuru; sanamu yenyewe ilizinduliwa mwaka wa 1886, mtunzi akafariki mwaka wa 1887, na kibao chenye shairi kikawekwa ndani ya jengo mwaka wa 1903. Ni soneti ya Kiitalia, ile ya mishororo 8 ikifuatwa na 6. Katika sehemu ya kwanza sanamu inalinganishwa kwa ukinzani na lile jitu la shaba la Rhodes: lile lilikuwa la kiume na la ushindi, hii ni ya kike, mama wa waliofukuzwa kwao. Katika sehemu ya pili sanamu yenyewe inasema, japo midomo yake imefumba. Inaziamuru nchi za kale zibaki na fahari yao na ziilete kwake mizigo ya watu wasiotakiwa. Toni inapanda kutoka maelezo hadi amri, na kilele hicho kimewafanya wengi waione soneti hii kuwa ni sauti ya Marekani yenyewe.

Hata hivyo, mwaka mmoja kabla ya kutungwa kwake, yaani 1882, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini, sheria ambayo haikufutwa hadi 1943. Lakini hata tukiiacha historia na kubaki na maneno, tamathali zenyewe zinasema zaidi ya lile ambalo toni inakiri. Wanaokaribishwa wanafananishwa na mabaki yaliyotupwa na bahari. Mama huyu anatoa rehema, na rehema hutazama chini kutoka juu. Mwenge ameushika yeye, mlango ni wake. Anayepokelewa hapewi sauti hata mara moja.

Sauti hiyo tunaipata kwa Claude McKay, naye si mgeni aliyesimama mlangoni bali ameshaingia. Alizaliwa Jamaica na kufika Marekani mwaka wa 1912. Shairi lake "America" lilichapishwa katika jarida la The Liberator mwaka wa 1921 na likaingia katika diwani ya Harlem Shadows mwaka uliofuata. Miaka miwili kabla, mwaka wa 1919, watu weusi walikuwa wameshambuliwa na kuuawa katika miji mingi ya nchi hiyo, na McKay alikuwa ameyajibu mashambulizi hayo kwa "If We Must Die", ambayo nayo ni soneti. Msomaji anayeijua historia hii anatarajia hasira, na mishororo ya kwanza miwili inaelekea kumpa anachotarajia. Marekani imefanywa mwanamke anayemlisha msemaji mkate mchungu. Mara mwanamke huyo ana jino la simbamarara, na jino hilo limezama kooni mwa yule anayelishwa.

Lakini tuitazame sentensi. Inaanza kwa "ingawa". Majeraha yote, mkate, jino, pumzi inayoibwa, yamewekwa katika kishazi tegemezi. Kishazi huru hakifiki mpaka mwisho wa mshororo wa tatu na mwanzo wa ule wa nne, na kinapofika kinaungama mapenzi. Sikio la msomaji limekaa likingoja laana, na sarufi inalipa kiapo cha mpenzi. Tena kinachopendwa, katika pumzi ile ile, kinaitwa moto wa adhabu uliovikwa ustaarabu. Toni hapa haiwezi kutajwa kwa neno moja. Mwanafunzi akiandika "hasira" amekosea. Akiandika "mapenzi" amekosea vilevile. Toni ni ule mvutano baina ya kishazi na kishazi, na anayetaka kuieleza hana budi kueleza jinsi sentensi ilivyopangwa.

Hapo ndipo inapoonekana kwa nini McKay alichagua soneti. Kwa karne nyingi za ushairi wa Ulaya, soneti ilikuwa ni bahari ya mapenzi, na hasa mapenzi kwa mpenzi mkatili asiyejali. Mtu mweusi kutoka koloni la Kiingereza anapolitwaa umbo hilo na kuielekezea nchi inayomng'ata, umbo lenyewe linakuwa sehemu ya hoja: linamweka katika nafasi ya mpenzi mwenye haki ya kulalamika, si ya mwombaji. Vina amevitunza kama vilivyoagizwa na mapokeo ya Shakespeare, mafungu matatu ya mishororo 4 na mishororo 2 ya kufungia. (Ifahamike kwamba mizani ya Kiingereza haihesabiwi kama yetu, kinachopimwa ni mikazo 5 katika mshororo, wala si idadi ya silabi peke yake, na mwanafunzi anayehesabu 10 na kuridhika amepima ganda.) Ila geuko la mawazo, ambalo katika soneti nyingi hungoja mshororo wa 9 au mishororo miwili ya mwisho, limefika mapema, katika mshororo wa 8, kabla fungu la pili halijafungwa. McKay hakungoja ruhusa. Ni pale pale anapojifananisha na mwasi aliyesimama mbele ya mfalme, ndani ya kuta za mfalme, bila hofu na bila kinyongo. Kuta hizo ni za nchi, na kwa namna fulani ni za soneti pia. Amesimama ndani ya zote mbili na hakuinama.

Mishororo minne ya mwisho ni utabiri. Msemaji anaona majengo ya fahari ya Marekani yakididimia mchangani chini ya mkono wa wakati. Wengi wametambua mwangwi wa "Ozymandias" ya Shelley, soneti ya mwaka wa 1818. Tofauti, hata hivyo, ni kubwa kuliko ufanano. Shelley anamcheka mfalme. McKay anaifunga soneti yake kwa tashbihi inayozilinganisha fahari hizo na hazina zisizokadirika thamani. Hakuna anayeona hazina ikizama akacheka. Mtu ambaye nchi imemlisha uchungu ndiye anayeiombolezea mapema, na ni tashbihi peke yake, si kauli yoyote ya wazi, inayotujulisha hivyo.

Hapa pana tatizo la tafsiri ambalo linafaa kutajwa kwa sababu linatufundisha jambo kuhusu lugha yetu. McKay anaiita nchi kwa kiwakilishi cha kike, na sura ya mama mlishaji imejengwa juu ya neno hilo dogo. Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi. Kiambishi a- hakisemi kama ni mke au mume. Mfasiri atakayeongeza neno "mama" ataongeza uzito ambao McKay hakuuweka waziwazi. Lakini tunacho kitu ambacho Kiingereza hakina. Nchi kwetu iko katika ngeli nyingine. Tukisema Marekani "ananilisha" badala ya "inanilisha", tashihisi imekamilika kwa upatanisho wa kisarufi tu, hata kabla ya kutaja mkate au jino. Jinsia itapotea, ila uhai utabaki, na pengine utamshtua msomaji zaidi.

Kwa upande wa umbo, mfano wa McKay hautushangazi tukimkumbuka Abdilatif Abdalla, aliyetunga Sauti ya Dhiki (1973) katika kifungo cha miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972, akizingatia vina na mizani ambavyo wengine waliviita pingu. Tuna pia Alamin Mazrui, aliyewekwa kizuizini miaka kumi baadaye, ambaye katika Chembe cha Moyo (1988) ana tungo zisizofuata arudhi hiyo. Wote wawili walikuwa wapinzani. Umbo halikumfanya yeyote kati yao kuwa mpinzani zaidi.

Tumfikie Hughes. "I, Too" aliutunga mwaka wa 1924 akiwa amekwama Genoa, Italia, baada ya kuibiwa, huku meli zikiwachukua mabaharia weupe na kumwacha yeye. Ulichapishwa mwaka wa 1925, na katika diwani yake ya kwanza, The Weary Blues (1926), aliuweka mwishoni kama hitimisho. Mishororo yake ni 18, katika mafungu ya 1, 6, 7, 3 na 1. Mingine ina neno moja tu.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni neno "pia" lililomo katika anwani. Ni neno la mtu anayeingia katika mazungumzo yaliyokwisha kuanza, na aliyeyaanza ni Whitman. Hughes anamjibu. Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili wanaijua desturi ya kujibizana, tangu Mombasa ya Muyaka hadi kurasa za magazeti yetu, na wanajua kwamba mjibu aghalabu hufuata bahari ya aliyemwanza, ili ushindi wake uwe ni wa ufundi. Hughes anafanya kinyume. Mwenzake alitumia mishororo mirefu iliyojaa watu. Yeye anatumia mishororo mifupi yenye mtu mmoja. Mwenzake aliorodhesha, yeye anasimulia. Ule upana wa Whitman ndio uliomwacha nje, naye hauhitaji.

Sitiari ya Hughes ni nyumba. Taifa ni jamaa moja, msemaji ni ndugu mwenye rangi iliyokoza zaidi, na wageni wajapo anaambiwa akale jikoni. Tahadhari moja ni lazima kwa msomaji wetu: jiko katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki si mahali pa fedheha, na anayelisoma kwa mazoea ya kwao atakosa ukali wake. Anayekumbuka jiko la nyumba ya mzungu katika Kenya ya walowezi, pamoja na "boi" wake, atakaribia zaidi. Lakini hata huyo itambidi akumbuke kwamba wa Hughes si mtumishi. Ni ndugu. Sitiari ya nyumba inamfanya anayemtenga aonekane si kama bwana mkali bali kama jamaa asiye na adabu mbele ya wageni. Tukiiweka kando ya mama wa Lazarus anayewapungia mwenge waliotoka mbali, mzaha wa jambo unakuwa mchungu: mlangoni kuna karibu, na ndani kuna aliyezaliwa humo asiyeruhusiwa kukaa mezani.

Kwa kuwa msemaji anacheka na kula akanenepa nguvu, wahakiki kadhaa wamemwita Hughes mpole na McKay mkali. Tunaona kinyume. Mkali wa kweli ni huyu anayecheka. Nyakati za vitenzi zinalithibitisha hilo: fungu la pili liko katika wakati uliopo, la tatu linaingia kwa neno moja la kesho na kuendelea kwa wakati ujao usio na shaka yoyote, bila "huenda", bila "Mungu akipenda". Hakuna ombi. Hakuna hata sababu inayotolewa, isipokuwa ile ya nyongeza, inayokuja kama jambo la kukumbukwa mwishoni, kwamba wataona uzuri wake. Na mshororo wa mwisho hauko kesho; umerudi katika wakati uliopo. Kitenzi cha kuimba kilichofungua utungo kimeondoka na nafasi yake imekaliwa na kitenzi cha kuwa. Watu wa Whitman waliimba nchi. Huyu, aliyeanza kwa kuimba kama wao, anamaliza kwa kutohitaji wimbo.

Hughes, ambaye alihudhuria mkutano wa waandishi wa Kiafrika uliofanyika Makerere mwaka wa 1962, huonekana mepesi kutafsiri kwa sababu msamiati wake ni wa watoto wa shule. Wepesi huo unadanganya. Karibu na mwisho, baada ya kuuona uzuri wake, waliomfukuza mezani wanapatwa na hali ambayo Kiingereza kinaitaja kwa neno moja na Kiswahili kwa mawili. Mfasiri akisema "wataaibika", aibu imewajia kutoka nje, hadharani, na toni ni ya kulipiza. Akisema "wataona haya", kitu kimewagusa ndani, na bado wanahesabiwa kuwa watu wanaoweza kuona haya, yaani ndugu. Kwa nyumba aliyoijenga Hughes tangu fungu la pili, hili la pili ndilo linalostahili.